Rejeta ya Ford

Kila nikikaa na watu wanaozungumza habari za ile manowari ya Wajerumani iliyomalizikia katika delta ya Rufiji, husubiri kuona kama kuna atakayeitaja rejeta. Mpaka leo sijampata. Watataja mizinga, watamtaja Kapteni Max Looff, watazitaja meli mbili za Kiingereza zilizokuja kuimaliza Julai 1915, na hapo hadithi huwa imekwisha. Mimi niliingia katika historia hiyo kwa mlango wa nyuma, nikiwa nimelala chali mchangani chini ya Land Rover yangu. Kwangu jambo kubwa ndani yake ni rejeta ya gari dogo aina ya Ford iliyong'olewa Mombasa mwishoni mwa 1914, ikapakiwa melini, ikaletwa kusini na kufungwa kwenye injini ya ndege.

Sina budi kuanza na Land Rover, maana bila hiyo hadithi ya rejeta ingenipita sikio la kushoto na kutokea la kulia.

Ilikuwa Februari 1996, Ramadhani ikiwa katikati. Nilikuwa na Land Rover ya zamani, ile ndefu ya 109, ambayo injini yake ya petroli ilikuwa imechoka kiasi cha kunywa oili karibu sawa na petroli. Siku hizo wengi wetu wenye magari ya namna hiyo tulikuwa na dawa moja: unatafuta injini ya dizeli ya Kijapani kutoka kwenye gari lililopata ajali, unaing'oa ile ya Kiingereza, na fundi anakufungia. Kazi yenyewe si ndogo. Lazima achonge bamba la chuma la kuunganisha injini ngeni na gia boksi ya zamani, achomelee mabano mapya kwenye chesisi, asogeze bomba la moshi, atafute mipira ya maji ya kukubaliana na midomo ya pande zote mbili. Fundi wangu wa Dar es Salaam aliyafanya yote hayo kwa siku tisa, na injini ya lita 3 ikanguruma vizuri mno.

Siku ya mwisho akaniambia, "Mzee, bado mambo mawili. Rejeta inatakiwa isogezwe karibu na feni, na feni inatakiwa kava." Nikamwuliza bei. Alipoitaja nikacheka. Nilikuwa nimekwisha tumia fedha nyingi, nyingine za kukopa. Nikamwambia, "Feni ipo, maji yapo, rejeta haivuji. Inatosha." Akanitazama, akafuta mikono yake kwa tambara, akasema, "Haya, gari ni lako."

Nilikopa fedha hizo kwa ajili ya kamba. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, na chini ya mizizi ya mikoko hiyo ndipo kamba wadogo wanapokulia. Wavuvi wa Nyamisati na vijiji vya visiwani walikuwa wakiwapata kwa wingi. Wasichokuwa nacho ni barafu. Kamba akikosa barafu kichwa huanza kuwa cheusi kabla jua halijatua, na mnunuzi wa mjini hamtaki tena. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mwepesi: kupakia mapande ya barafu Dar es Salaam usiku, kuyafunika kwa maranda na turubai, kufika Nyamisati asubuhi na kurudi na kamba kabla ya futari. Nilikuwa nimepatana na wavuvi watatu. Walikuwa wameingia majini usiku huo kwa sababu ya ahadi yangu.

Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na saba. Hadi Mkuranga mshale wa joto ulitulia katikati. Kimanzichana ulinyanyuka kidogo. Jaribu Mpakani tulisimama tukaongeza maji, na Bungu tukaongeza tena. Baada ya Bungu tuliiacha barabara kuu, tukashika ile ya mchanga iendayo Nyamisati, na hapo ndipo gari lilipochemsha kikwelikweli. Ilikuwa kama saa mbili unusu asubuhi. Nyuma yangu nilisikia matone ya barafu yakidondoka kwenye bodi, moja baada ya jingine.

Nilichofanya wakati ule sijapenda kukisimulia, lakini bila hicho mengine yote hayana maana. Nilimwambia mpwa wangu afungue kifuniko cha rejeta. Alisema, "Mjomba, tungoje kidogo kipoe." Nikamjibu kwamba barafu haingoji. Akazungushia shati lake mkononi akafungua.

Maji ya rejeta iliyofungwa vizuri huchemka kwa joto zaidi ya nyuzi 100 kwa sababu kifuniko huyazuia yakae kwa shinikizo. Ukikiondoa, maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke papo hapo. Yalimpata kuanzia kwenye kiganja hadi juu ya kiwiko. Hakulia kwa sauti. Alikaa chini mchangani akaushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nilipasua turubai nikatoa pande la barafu, kisha nikakumbuka mtu mmoja aliwahi kuniambia kwamba barafu isiwekwe juu ya ngozi iliyoungua. Nikawa namwagia maji yanayoyeyuka tu. Hayo ndiyo matumizi pekee ya maana yaliyopatikana kwa barafu ile.

Lori la mbao lilitokea saa nne. Lilitukokota hadi Bungu, mpwa wangu akafungwa mkono katika zahanati, kisha likatukokota tena mpaka Kibiti, kwa kuwa kila tuliyemwuliza alisema fundi tunayemtaka yuko Kibiti.

Gereji yake ilikuwa chini ya mkorosho. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe chache, amefunga kikoi, hana haraka. Tulimwamkia, akaitikia, akautazama mkono wa kijana kabla hajalitazama gari. Kisha akaniuliza swali moja ambalo tangu hapo nimewauliza watu wengi: "Likienda mbio linapoa, au linazidi?"

Nikafikiri. Kweli, kati ya Mkuranga na Kimanzichana, kila tulipopata kipande kizuri cha barabara mshale ulishuka, na kila tulipoingia kwenye mashimo au mchanga ulipanda.

"Basi usigombane na maji," akasema. "Una shida ya hewa."

Alifungua boneti akaniita. Kati ya feni na rejeta kulikuwa na nafasi ya shubiri nzima. Injini ya Kijapani ilikuwa fupi kuliko ile ya Kiingereza, na ilikaa chini zaidi, kwa hiyo feni haikuelekea hata katikati ya rejeta. Akaniamuru niwashe. Akachukua ukurasa wa gazeti akauweka mbele ya rejeta: chini, mkabala na feni, karatasi ilinata, juu ilining'inia tu kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo. Akaipeleka nyuma, kwenye ile nafasi ya shubiri, nayo ikaanza kuzungushwa, ikavutwa kutoka pembeni. "Umeona? Feni yako inavuta hewa ileile iliyokwisha pata moto, inaitema, inaivuta tena. Hewa ni kama maji ya mfereji, hupita penye njia nyepesi. Kupita katikati ya mapezi ya rejeta ni kazi. Kuzunguka pembeni si kazi."

Nikamwambia nilikuwa nimefikiria kununua rejeta kubwa zaidi. Akacheka kwa upole. "Mwanangu, hata ukileta ya basi. Kama hewa haipiti, umenunua tangi la maji."

Kisha akakuta kitu ambacho mimi nilijivunia. Nilikuwa nimeiinua boneti kwa nyuma, pale karibu na kioo, kwa kupachika washa tatu tatu kwenye bawaba, ili joto litoke. Akasema gari likisimama joto hutoka hapo kweli, lakini likienda mbio upepo unaogonga kioo hurudi na kusukuma kuingia ndani. Nilikuwa nimetengeneza mlango wa kutokea ambao gari likikimbia unakuwa mlango wa kuingilia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hata wale wanaofunga injini kubwa katika magari madogo ya mashindano hukosea kosa hilohilo, na kwamba wanaojua hukata matundu yao mbele zaidi juu ya boneti, nyuma tu ya rejeta, ambako upepo unaoteleza juu hunyonya badala ya kusukuma. Nilisoma pia kwamba watu hao hutumia muda mwingi zaidi kuziba nyufa pembeni mwa rejeta kuliko kutafuta rejeta kubwa. Fundi wangu wa Kibiti hakuwa amesoma hayo. Alikuwa na ukurasa wa gazeti.

Kazi ilimchukua alasiri yote. Alisogeza rejeta nyuma kwa kuitengenezea miguu mipya, akaipandisha feni kidogo kwa kubadili mahali inapofungwa, kisha akachukua debe la mafuta ya kula akalikata na kulikunja mpaka likawa kava la feni, limekumbatia rejeta yote upande mmoja na upande wa pili lina duara la feni, nafasi pembeni mwake haizidi upana wa kidole. Nyufa zilizobaki akaziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Hakubadilisha rejeta. Hakuongeza hata tone moja la maji zaidi ya yale yaliyomwagika.

Ni wakati wa kazi hiyo ndipo aliponiambia, bila kuinua kichwa, "Hili si la kwanza kuchemsha hapa. Hata ile ndege ya Mwingereza ilichemsha." Nikadhani anatania. Akasema babu yake alikuwa mmoja wa watu waliokuwa Delta wakati manowari imejificha, na wazee walikuwa wakisimulia kwamba ndege ya kwanza kuonekana katika anga la Rufiji ilikuwa mgonjwa, inakuja na kutoweka, na mwisho ikaanguka mtoni. Kuhusu rejeta yenyewe hakujua lolote. Alijua tu kwamba joto la huku liliishinda.

Nilianza kutafuta habari hizo kwa ajili ya ubishi tu, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Manowari Königsberg, yenye mizinga 10 ya sentimeta 10.5, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Lakini mashine zake zenyewe zilikuwa zimeharibika. Ikarudi kujificha Rufiji, na vyuma vilivyoharibika vikapelekwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Vitabu hupita hapo kwa sentensi moja. Mtu anayeijua njia ya kutoka Delta hadi Dar es Salaam, na anayejua vyuma vya meli vina uzito gani, hawezi kupita kwa sentensi moja. Vilibebwa na kuvutwa na watu, na majina yao hayakuandikwa mahali.

Tarehe 30 Oktoba meli ya Kiingereza Chatham iligundua Königsberg ilipo. Kujua ipo na kuiona ni mambo mawili. Mikoko ilikuwa mirefu, na Wajerumani walikuwa wamefunga matawi kwenye milingoti. Meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia katika midomo ya mto kwa sababu ya kina kidogo. Hapakuwa na njia ila kutazama kutoka juu.

Huko Durban alikuwapo rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa akirusha ndege ya majini aina ya Curtiss yenye injini ya nguvu za farasi 90. Jeshi la Majini likampa cheo, likaichukua na ndege, vyote vikapakiwa katika meli Kinfauns Castle na kuletwa hadi kisiwa cha Nyororo, kusini mwa Mafia. Cutler aliruka kwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 1914, peke yake, bila dira. Akapotea mawinguni, akashukia kwenye kisiwa kingine, akatafutwa akapatikana. Na rejeta ya ndege haikuweza kazi katika joto hili. Ndipo meli ikatumwa Mombasa, ikarudi na rejeta ya gari la Ford.

Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka nikaanza kupiga hesabu. Ford ya siku zile ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 20. Haikuwa hata na pampu ya maji. Maji yaliyopata moto yalipanda yenyewe na yaliyopoa yakashuka yenyewe. Injini ya Curtiss ilikuwa na nguvu mara nne na nusu ya hiyo. Injini yoyote ya namna ile, kwa hesabu ya haraka, huifanya theluthi tu ya moto wa mafuta kuwa kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi na theluthi ya mwisho lazima ichukuliwe na maji. Kwa hiyo rejeta iliyozoea moto wa farasi 20 ilitakiwa kuubeba moto wa farasi 90, katika nchi ambako hewa yenyewe ya kupozea tayari ina joto. Kama maji yana nyuzi 90 na hewa ina 15, kama huko Ulaya, tofauti ni 75. Hapa kwetu hewa ikiwa 35 tofauti ni 55 tu, na rejeta ileile imepoteza zaidi ya robo ya uwezo wake kabla hata injini haijawashwa. Juu ya hayo hewa ya joto ni nyepesi, kwa kiasi cha asilimia 6 hivi kati ya nyuzi hizo mbili, hivyo kila pumzi inayopita kwenye mapezi hubeba pungufu.

Kwa hesabu hiyo ndege isingefika popote. Lakini ilifika. Baada ya kufungwa rejeta ya Ford, mwishoni mwa Novemba, Cutler aliruka juu ya Delta akaiona Königsberg kwa macho yake, na akaruka tena na ofisa wa Jeshi la Majini kuthibitisha. Kwa nini iliwezekana, nadhani naweza kueleza, na ningependa fundi wa Kibiti angekuwapo kunisahihisha. Rejeta ya ndege ile ilikaa wazi kati ya mabawa. Mbele yake hapakuwa na kitu na nyuma yake hapakuwa na boneti. Hewa ilikuja kwa mwendo wa ndege, ikapita kwenye mapezi na kwenda zake, haikuwa na pa kuzungukia. Rejeta ndogo iliyo katika njia ya hewa ilifanya kazi ambayo rejeta yangu, iliyofungiwa sandukuni na hewa yake ileile ya moto, ilishindwa kuifanya kwa injini isiyozidi hiyo sana kwa nguvu. Safari zake pia zilikuwa fupi, na hilo lisisahaulike.

Tarehe 10 Desemba injini ikamshinda akiwa juu ya Delta, akatua mtoni na kutekwa na Wajerumani. Ndege yenyewe hawakuipata. Kijana mmoja wa Jeshi la Majini, Gallehawk, aliingia mtoni na boti chini ya risasi akaifunga kamba na kuivuta mpaka baharini. Huyo naye hutajwa kwa nadra, nami humtaja kila nipatapo nafasi, kwa kuwa najua maana ya kukokotwa.

Waingereza hawakujifunza haraka, au tuseme walijifunza kwa njia ya gharama kubwa. Mapema 1915 zilikuja ndege mbili mpya aina ya Sopwith, pamoja na marubani wa kijeshi wakiongozwa na John Cull. Hizi hazikutumia maji. Injini zake zilipozwa na upepo kwa kuzunguka zenyewe pamoja na panga la ndege. Mtu angedhani wameepuka shida ya rejeta. Lakini joto lilitafuta pengine pa kuingilia: gundi iliyoshika mbao ililegea, na injini katika hewa nyepesi hazikuwa na nguvu ya kunyanyua mtu wa pili na mabomu. Baada yake zikaja ndege tatu za Short, kuukuu, ambazo hazikupanda juu vya kutosha kukwepa bunduki. Hata hivyo Cull alipiga picha za manowari kwa moja ya hizo, tarehe 25 Aprili. Mwisho wakaacha kabisa ndege za kutua majini, wakasafisha kiwanja katika kisiwa cha Mafia, ambacho walikuwa wamekiteka Januari, na Juni wakaleta ndege za magurudumu, Caudron na Farman.

Ni jambo la kuchekesha kwamba hata meli zilizoimaliza Königsberg zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mahali pengine. Severn na Mersey ziliundwa Uingereza kwa agizo la Brazili, zitumike katika mto Amazon. Zilikuwa na kina kidogo, na vita vilipoanza Uingereza ikazinunua. Zikakokotwa kutoka Ulaya hadi Rufiji. Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu zikashindwa. Tarehe 11 Julai zikarudi, Cull akiwa juu na Farman na mwenzake Arnold akituma ishara za kurekebisha mizinga. Ndege yao ilipigwa, injini ikafa, na wakati inashuka Arnold aliendelea kutuma ishara mpaka wakaanguka mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa. Looff akailipua manowari yake mwenyewe. Mizinga yake ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, na kuvutwa na watu katika nchi nzima. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mji uleule ilikotoka rejeta. Gari lililong'olewa rejeta halina kibao popote.

Nirudi Kibiti. Jua lilipokaribia kutua fundi aliniambia niwashe, tukaliacha gari likinguruma pale pale limesimama kwa muda wa nusu saa. Mshale ulifika katikati ukatulia. Akarudia ule mtihani wa gazeti: karatasi ilinata juu, chini, pembe zote nne. Adhana ikasikika. Mkewe alileta tende, uji na mihogo, tukafuturu pamoja, mpwa wangu akila kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa, na mzee akamwambia, "Kula tu mwanangu, leo umeruhusiwa."

Ndipo nikamlalamikia yule fundi wa Dar es Salaam. Nilisema mengi: kwamba ameniharibia gari, ameniharibia biashara, amemuunguza mtoto. Mzee alisikiliza, akaendelea kunywa uji. Akauliza, "Hakukwambia habari ya kava?"

Mpwa wangu alikuwapo siku ile gereji. Alikuwa amesikia kila neno. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake, na hakusema kitu, na mimi nikajua kwamba nikijibu uongo ataendelea kunyamaza. Nikasema, "Aliniambia."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, akanikaribisha mihogo tena.

Asubuhi yake tulikwenda Nyamisati mikono mitupu kuwaona wale wavuvi watatu. Mchanga ule ule, gia ya pili, mshale katikati. Kamba walikuwa wamewagawia majirani na wengine wamewaanika juani, na kamba mkavu hana bei ya kamba mbichi. Niliwalipa nusu siku hiyo na nusu nyingine ilinichukua hadi Juni. Mmoja wao hakukubali kufanya biashara nami tena, na sikumlaumu. Nilipofika Dar es Salaam nilikwenda kwa yule fundi. Kabla sijafungua mdomo aliinua boneti, akaliona debe, akalipapasa pembeni kwa kidole kupima nafasi ya feni. "Nani kafanya hii?" akauliza. Nikamwambia. Akasema ni kazi safi, ila yeye angetumia bati nene zaidi.

Nililiuza gari lile mwaka 2003, mwaka ambao Daraja la Mkapa lilifunguliwa na pantoni ya Ndundu ikaacha kuwa roho ya safari za kusini. Mnunuzi alikuwa kijana wa Ikwiriri. Aliona maandishi ya mafuta ya kula yamegeuzwa juu chini nyuma ya rejeta, akaniuliza kama anaweza kuling'oa lile debe aweke kitu cha kiwandani. Mpwa wangu, ambaye siku hiyo alikuja kunisaidia kusaini karatasi, alijibu kabla yangu. Alikunja mkono wa shati, akamwonyesha ngozi iliyokunjamana kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, akamwambia aendeshe kwanza hadi Nyamisati na kurudi, kisha aamue.